Daftari la Bwana Nyama

Paja moja la ngiri likishafika mbele ya hakimu ni ngiri mzima. Mizani hailetwi, wala kilo haziulizwi. Ofisa wanyamapori hulitazama, hulitambua kwa kwato na manyoya, kisha hujaza hati ya tathmini: ngiri mmoja, dola 450 za Marekani. Paja la swala pala ni swala pala mmoja, dola 390. Kipande cha nyama ya twiga, hata kama kinaenea kwenye bakuli, ni twiga, na twiga ni dola 15,000, sawasawa na tembo. Ndivyo kanuni za kuthamini nyara za mwaka 2012 zinavyotumika mahakamani, na ndiyo maana mtu aliyenunua kitoweo cha elfu chache usiku huko Kiwangwa au Mkange, upande wa Bagamoyo, anaweza kusomewa shtaka lenye thamani ambayo shamba lake la mananasi halitaifikia kwa msimu mmoja.

Hoja ya sheria ni kwamba paja halitembei peke yake. Mahali fulani yupo ngiri aliyekufa, na mahali fulani palitakiwa pawe na mstari wa maandishi unaosema nani alimuua, lini, wapi na kwa leseni ipi. Mstari huo ukikosekana, haijalishi sana kama paja lilipatikana kwa risasi, kwa waya, kwa kununua au kwa kuokota. Mwenye nalo ndiye anayetakiwa kuonyesha kuwa amelipata kihalali.

Sheria yenyewe ni ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1974. Inaanza na jambo ambalo wengi wetu hulisahau tukiwa mezani: wanyamapori wote ni mali ya umma, chini ya udhamini wa Rais kwa niaba ya wananchi. Swala aliyelala nyuma ya banda lako si wako, hata kama amekula kunde zako mwezi mzima. Nyara nayo si pembe na meno tu. Ni ngozi, kwato, manyoya, yai, nyama mbichi na nyama kavu. Tena ipo nyara ya Serikali, ambayo inajumuisha mnyama aliyeuawa au kukamatwa bila leseni, aliyeuawa kwa kujihami au kulinda mali, na hata aliyekutwa amekufa. Hiyo ya mwisho huwashangaza watu kila wanapoisikia. Mzoga uliouokota kichakani una mwenyewe, na mwenyewe ni Serikali.

Sasa mtazame mwindaji aliyefuata taratibu zote. Leseni yake inataja aina ya mnyama na idadi. Haiazimwi wala haiuzwi, na lazima awe nayo porini. Akimpiga mnyama anamwandika, na hata aliyejeruhiwa akatokomea anaandikwa, kwa sababu risasi ikishamgusa mnyama hesabu ya leseni imeshasogea. Akijeruhiwa mnyama wa hatari, kama nyati au chui, haitoshi kuandika na kurudi kambini, maana mnyama huyo kesho anaweza kukutana na mama anayekata kuni. Nyara zikishatoka porini hukaguliwa, husajiliwa, na mwenye nazo hupewa hati ya umiliki. Bila hati hiyo, kichwa kilichotundikwa ukutani ni ushahidi wa jinai wenye vumbi.

Kwa watalii wanaolipa fedha za kigeni, uandikishaji huo umekuwa mkali zaidi. Kanuni za uwindaji wa kitalii za mwaka 2015 zinataka jino la tembo lisipungue kilo 20 au sentimita 160. Simba lazima awe dume, na umri unaotakiwa ni miaka 6 au zaidi. Akionekana baada ya kukaguliwa meno na fuvu kuwa hakufika miaka 4, nyara yake haitoki nchini. Jino la tembo huchomwa alama kwa nyundo na herufi za chuma, kwa mpangilio uliokubaliwa na nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini: herufi mbili za nchi, mwaka, namba ya mfululizo, kisha uzito. Jino lililoandikwa TZ 15/127/22, kwa mfano, litakuwa limetoka Tanzania mwaka 2015, la 127 katika daftari, lenye kilo 22. Ukilipindua huku na huku hutaona urembo wowote kwenye alama hiyo. Ni vishimo vidogo vilivyogongwa karibu na shina la jino. Lakini ndivyo vinavyolitenga na jino lililofichwa kwenye gunia.

Na magunia hayo tumeyaona. Novemba 2013, kwenye nyumba moja ya Mikocheni, Dar es Salaam, yalikutwa meno 706, mengine yakiwa yamefichwa kwenye magunia ya vitunguu saumu na makombe ya konokono. Hesabu ya tembo nchini ilishuka kutoka takribani 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014. Pengo hilo la maelfu ya wanyama halimo kwenye leseni ya mtu yeyote.

Bagamoyo ina haki ya kusema kwamba mambo ya kuandika pembe iliyaanza kabla ya wengi. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Unyamwezi na Ujiji ilishusha mizigo yake hapa, pembe zikapimwa kwa frasila, na ushuru ukatozwa kwa hesabu ya Sultani wa Zanzibar. Kiwango kilitofautiana kulingana na mahali pembe ilikotoka, kwa hiyo asili ya kila mzigo ilikuwa na uzito wake kwenye vitabu. Vitabu vyenyewe vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi waliokodi forodha: kampuni ya Jairam Shivji kwa miaka mingi, baadaye Taria Topan. Hakuna aliyekuwa anamhurumia tembo. Kilichohesabiwa kilikuwa fedha, na walifanya kazi hiyo kwa makini kuliko ofisi nyingi za leo.

Wajerumani, ambao makao yao makuu yalikuwa Bagamoyo mpaka 1891, ndio walioigeuza hesabu hiyo. Mwaka 1896 Hermann von Wissmann, akiwa gavana, alitoa amri iliyotaka leseni ya kuwinda na kutenga mapori ya kwanza ya akiba. Waingereza wakaja na sheria zao za 1921, 1940 na 1951. Uhuru ukapatikana, ikaja ya 1974, kisha hii ya 2009. Majina ya watawala yamebadilika mara kadhaa. Wazo la kwamba mnyama ni wa Serikali mpaka Serikali iseme vinginevyo halijawahi kubadilika. Mkwere na Mdoe waliokuwa wakiwinda bonde la Wami kabla ya yote hayo walijikuta wanaomba ruhusa ya kitu walichorithi, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kukaa nao chini akawaeleza vizuri.

Ukienda kaskazini ya Dar es Salaam leo, mnyama mmoja anaweza kubadilisha daraja la kisheria mara tatu ndani ya usiku mmoja. Saadani, iliyokuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ikaunganishwa na iliyokuwa ranchi ya Mkwaja na msitu wa Zaraninge. Humo hakuna leseni ya uwindaji hata ukiwa na fedha za kujaza lori. Palahala, kuro na tohe wanachungwa na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Upande wa bara liko Wami-Mbiki. Hilo lilianza kama eneo la vijiji: vijiji 24 vya Bagamoyo na Morogoro viliunda jumuiya, vikasaidiwa na chama cha wawindaji wa Denmark, vikawa na askari wao wa vijiji na matumaini ya kugawana mapato. Wafadhili wakaondoka, mifugo ikaingia, misumeno ya mkaa ikaingia, na baadaye eneo likapandishwa hadhi kuwa pori la akiba chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori iliyoanzishwa mwaka 2014. Humo kuwinda kunahitaji kibali. Katikati, kuna ardhi ya vijiji, mashamba na vichaka, ambako leseni ya kawaida inaweza kutumika. Ngiri hajui mipaka hii. Anayemfuata anatakiwa kuijua kwa mita.

Mpaka hapa nimemzungumzia mwenye bunduki. Lakini wanyama wengi wanaoliwa katika vijiji hivi hawafi kwa bunduki.

Wanakufa kwa waya. Waya wa breki ya baiskeli, au ule unaotolewa kwenye tairi lililochomwa, unakunjwa kitanzi, unafungwa kwenye mti imara, na kitanzi kinawekwa urefu wa kichwa cha mnyama anayetafutwa: chini kwa paa na nsya, juu kidogo kwa pongo. Majani yanapangwa pembeni ili mnyama asiwe na njia nyingine. Mtu mmoja anaweza kutega mingi kwa mchana mmoja, na gharama yake ni jasho. Ubaya wa waya ni kwamba hauchagui. Haujui dume wala jike, mwenye mimba wala mtoto, mgao wala msimu. Unaweza kumnasa chui aliyefuata paa. Na mtegaji akisahau ulipo, unaendelea kufanya kazi bila yeye.

Kwa sababu hizo sheria imepiga marufuku kuwinda kwa mitego, mashimo, sumu, moto, mbwa na taa za usiku, ila kwa ruhusa maalumu. Ni marufuku yenye maana. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba mtegaji hana mahali pa kuandika. Mwenye bunduki akikosea anaweza kuripoti kosa lake. Mtegaji akienda kuripoti amejipeleka mwenyewe kituoni. Hivyo kila kinachonaswa kwa waya kinaliwa au kuuzwa kimya kimya, na kwenye takwimu za wilaya kinahesabika kuwa bado kiko hai. Tunapanga mgao wa uwindaji juu ya idadi ambayo sehemu yake ilishapikwa.

Pwani hii, ambako wengi ni Waislamu, mnyama ana sharti lingine lisilohitaji karatasi, nalo ni kisu. Aliyekufa kwenye mtego kabla ya kuchinjwa ni nyamafu. Mtegaji mwenye imani yake huwahi alfajiri. Akichelewa anamkuta amekauka, na hapo kuna wawili: anayemwacha kwa fisi, na anayembanika na kumpeleka kwa wateja wasiouliza maswali. Nguruwe pori na ngiri, maadui wakubwa wa mihogo, wengi hawali kabisa. Wanauawa kwa hasira ya shamba na mara nyingi huachwa palepale. Hao nao hakuna anayewaandika, ingawa sheria inasema mnyama aliyeuawa kwa kulinda mali aripotiwe, na ni mali ya Serikali kama mwingine yeyote.

Kiboko ni habari nyingine, kwa sababu kiboko hawezi kufichwa. Kwenye mabonde ya Ruvu na Wami, kiboko mmoja anaweza kulaza jaruba la mpunga kwa usiku mmoja. Wanakijiji wanatoa taarifa kwa mtendaji, mtendaji anaita maliasili, na Bwana Nyama, jina ambalo wazee wengi bado wanamwitia ofisa wanyamapori, anakuja na bunduki. Akimuua, meno na ngozi vinachukuliwa na kuandikwa, na nyama mara nyingi hugawiwa watu. Siku hiyo kijiji kizima kinakula nyara ya Serikali kwa baraka za Serikali. Kwa aliyeharibiwa shamba kuna kifuta jasho, na kwa familia iliyofiwa kuna kifuta machozi, chini ya kanuni za mwaka 2011. Malalamiko ya kuchelewa kwa fedha hizo yamekuwa wimbo wa bungeni karibu kila mkutano wa bajeti. Mtu aliyesubiri kifuta jasho mpaka msimu mwingine wa mpunga ukafika, akiona pongo kwenye shamba lake, sidhani kama anafikiria kupiga simu ya kuripoti.

Serikali ilijaribu kufungua mlango. Mwaka 2020 zilitoka kanuni za kuuza nyamapori, ili Mtanzania apate nyama hiyo bila kunyatia. Bucha lisajiliwe, nyama itoke kwenye chanzo kinachojulikana, muuzaji atoe risiti. Mimi ni miongoni mwa waliofurahi. Risiti ile ni mstari wa daftari uliofika mpaka jikoni: unaweza kuirudisha nyuma hatua kwa hatua mpaka kwa mnyama. Shida ni kwamba bucha lenye leseni linashindana na pikipiki inayoleta kitoweo mlangoni saa tatu usiku kwa bei isiyo na kodi, na pikipiki haina gharama ya friji.

Biashara ya kukamata wanyama hai nitaipita haraka, maana kwa sasa imefungwa. Baada ya fedheha ya Novemba 2010, wanyama zaidi ya mia moja, twiga wakiwemo, walipopakiwa kwenye ndege ya jeshi Uwanja wa Kilimanjaro na kupelekwa Qatar, kila mtu alianza kuuliza nani aliweka sahihi kwenye vibali. Mwaka 2016 usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi ulipigwa marufuku. Juni 2022 ilitangazwa kwamba wafanyabiashara wangeruhusiwa kwa miezi sita kumaliza wanyama waliobaki mikononi mwao. Kelele zikapigwa, na tangazo likasitishwa haraka.

Kuna upande wa daftari hili ambao maofisa hawapendi kuuzungumzia. Wajibu wa kuandika haumwangukii mwindaji peke yake. Nyama ikikamatwa haiwezi kungoja kesi, inaoza. Kwa hiyo inapelekwa kwa hakimu, inaorodheshwa kwenye hati, hakimu anaamuru iteketezwe, na hati ile ndiyo inayobaki kuwa ushahidi badala ya nyama. Maelekezo ya jeshi la polisi, namba 229 aya ya 25, yanasema kielelezo kinachooza kipelekwe mbele ya hakimu pamoja na mtuhumiwa, na ikiwezekana kipigwe picha kabla ya kuharibiwa. Katika rufaa ya jinai namba 385 ya mwaka 2017, iliyosikilizwa Mtwara, Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba mtuhumiwa ana haki ya kuwepo na kusikilizwa kabla ya amri hiyo kutolewa. Hati iliyojazwa akiwa mahabusu, bila kujua kinachoendelea, haikukubaliwa dhidi yake.

Tangu hapo uamuzi huo umenukuliwa katika rufaa nyingi za nyamapori, na wapo waliotoka gerezani kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuwapeleka kwa hakimu siku nyama ilipoteketezwa. Wanaolinda wanyama wananung'unika kwamba majangili wanaponea kwenye makaratasi. Sikubaliani nao. Kama Serikali inaweza kumfunga mtu miaka 20 au 30 kwa makosa mazito ya nyara, kwa hoja kwamba hakuwa na karatasi, haiwezi kulalamika inapoambiwa karatasi yake yenyewe haikuandikwa sawasawa. Daftari likiwa ndilo mizani, lipime pande zote mbili.

Ningependa daftari lenyewe lisogee. Huko Maine, Marekani, mwindaji aliyeua kulungu, dubu au bata mzinga wa porini haruhusiwi kukaa naye nyumbani zaidi ya saa 18 bila kumsajili. Lakini kituo cha kusajili mara nyingi ni duka la kijijini, lilelile linalouza mkate na mafuta ya gari. Mwenye duka anaandika, anafunga lebo kwenye mnyama, anachukua ada ndogo na sehemu yake inabaki kwake. Kusajili kumekuwa sehemu ya safari ya kurudi nyumbani.

Najua haraka haraka nitajibiwa kwamba Maine si Miono yetu ya hapa Pwani. Ni kweli. Kule mtu wa kawaida ananunua leseni ya kulungu bila kuchangisha ukoo, na silaha haihitaji mlolongo tulionao sisi chini ya sheria ya silaha ya 2015. Lakini ofisi ya mtendaji ipo kila kijiji, na tayari inaandika vizazi, ugomvi wa mipaka na ng'ombe wanaohama. Kuongeza ukurasa wa ngiri aliyeuawa shambani, nguruwe aliyegongwa, waya ulioteguliwa, bila aliyeleta taarifa kuondoka na pingu, hakuhitaji jengo jipya. Kunahitaji wizara ikubali kwamba taarifa ya kweli kutoka kwa mkulima ina thamani kuliko faini ambayo hataweza kuilipa. Na kama siku moja italetwa leseni ya nguruwe pori kwa bei ya mfuko mmoja wa mbolea, baadhi ya hao wenye waya watakuja kupanga foleni mchana kweupe.

Kwa wakati huu sheria ni hii iliyopo, na inawahusu hata wasiowahi kushika mtego. Wasomaji wa Dar es Salaam wanaokwenda Saadani au Pangani mwisho wa wiki kwa njia ya Msata wajue: paa akirukia taa za gari lako jioni na kufa, kumtia kwenye buti ni kujitia wewe kwenye kesi. Mwache alipo, toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu au kwa maliasili, na ungoje. Ukiletewa hati ya kuweka sahihi, isome mstari kwa mstari, uangalie wameandika wanyama wangapi, na uombe nakala kabla ya kuwasha gari.